Somo: Kujizoeza kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu kwa msaada wa kamera ya simu

Mwanafunzi wa uuguzi anapomhamisha mgonjwa hana nafasi ya kujitazama, na ndiyo maana mkufunzi akimwambia kwamba ameupinda mgongo, mara nyingi hubisha mpaka ajione kwenye video.

Hatua ya 1. Simu isimamishwe ubavuni mwa mwanafunzi, kwenye kimo cha kiuno, mbali kiasi cha kuonyesha kichwa chake, nyayo za wote wawili na magurudumu ya kiti. Ukirekodi kutoka mbele, mpindo wa mgongo, ambao ndio hasa tunaoutafuta, hautaonekana.

Hatua ya 2. Mwanafunzi mwenzake aigize mgonjwa aliyepooza upande mmoja. Sanamu la mafunzo lafaa kwa kuzoeza mikono, lakini halishtuki wala halisaidii kuinuka. Mwigizaji aonywe asijiinue kwa huruma, kwani hapo zoezi huwa la bure.

Hatua ya 3. Kiti kiwekwe upande wa mgonjwa wenye nguvu, kikifanya na kitanda pembe ya nyuzi 30 hadi 45, breki zikiwa zimefungwa na vikanyagio vimeondolewa njiani. Kitanda nacho kishushwe mpaka nyayo za mgonjwa zikanyage sakafu. Mwanafunzi amweleze mgonjwa atakalofanya na apate ridhaa yake, amfunge mkanda wa kumhamishia kiunoni, atanue miguu na kukunja magoti, kisha amwambie ainamie mbele na wainuke kwa kuhesabu pamoja. Kugeuka kufanywe kwa kuhamisha nyayo, si kwa kuzungusha kiuno, na mgonjwa asimshike shingoni.

Hatua ya 4. Video itazamwe mara moja kwa kasi ya kawaida, halafu polepole, na isimamishwe pale mgonjwa anapoachana na godoro. Picha hiyo moja hueleza karibu kila kitu: magoti yamekunjwa au la, mgonjwa yu karibu na mwili au mbali. Chagueni kosa moja tu, kisha zoezi lirudiwe papo hapo.

Maswali na majibu

Swali: Mwalimu, je, mashine inaweza kutoa alama badala ya mkufunzi?

Jibu: Kwa sehemu. Watafiti wa Japani wamewahi kutumia Kinect, kamera inayopima umbali wa vitu vilivyo mbele yake, iliyotoka mwaka 2010 kwa ajili ya michezo ya video, kukagua zoezi hili hili, na wametengeneza pia roboti inayoigiza mgonjwa. Ugumu ni kwamba watu wawili wakikaribiana hivyo, mwili wa mmoja humficha mwenzake na kamera hukosea viungo. Mimi ningeiachia mashine ikague mgongo na magoti, na kuyapima maelezo anayopewa mgonjwa kukabaki kwa mkufunzi.

Swali: Mwenzangu anayeigiza ni mzito kuliko mimi. Nimwinue hivyo hivyo?

Jibu: Hapana. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri kwamba mhudumu asiinue kwa mikono zaidi ya kilo 16 hivi za uzito wa mgonjwa, hata mazingira yakiwa mazuri. Kazi yako ni kumwongoza anayeweza kusimama. Asiyeweza huinuliwa kwa mashine ya kuinulia wagonjwa.

Swali: Je, tunaweza kurekodi wodini?

Jibu: Zoezi hili ni la maabara ya mafunzo, na hata humo mwigizaji aridhie kwanza, nanyi mfute video mkishaijadili. Mgonjwa halisi asirekodiwe.