Kusoma Ki-67 kwenye slaidi ya limfoma: anza na tonsili

Ki-67 ni protini ya kwenye kiini cha seli inayogawanyika; kingamwili huifanya ionekane kahawia, na viini visivyo nayo hubaki buluu. Hapa tunaihesabu kwenye limfoma, saratani ya limfosaiti. Kabla hujahesabu seli hata moja, uliza kama tezi ya limfu ilipasuliwa ndipo ikatiwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama ya mwili. Ikitumbukizwa nzima, fomalini haifiki katikati upesi, na Ki-67 ya huko husomeka chini kuliko ilivyo. Mimi huanzia pembeni.

Hatua ya 1. Tazama tonsili kwanza. Sisi hubandika kipande cha tonsili ya kawaida, cha kulinganishia, kwenye slaidi ileile ya mgonjwa. Vile viduara ambamo seli B huzaliana viwe na viini vya kahawia vilivyoshonana. Ukanda unaovizunguka uwe wa buluu, kahawia mojamoja tu. Viduara vikipauka, kingamwili haikushika. Rudia kazi, usibishane na slaidi.

Hatua ya 2. Hesabu viini tu. Ki-67 ipo seli ikiwa kwenye mzunguko wa kugawanyika, tangu G1, hatua ya kwanza, hadi mitosisi, kugawanyika kwenyewe. Iliyopumzika, G0, haina. (Jina limetokana na mji wa Kiel, Ujerumani, na kishimo namba 67 cha sahani ya maabara.)

Hatua ya 3. Ondoa wageni, yaani seli zisizo za limfoma. Limfosaiti T zilizochangamka nazo huwa kahawia, kwa hiyo linganisha na slaidi ya CD20, alama ya seli B. Kwenye limfoma ya Burkitt, ile ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda, uwanja wote huwa kahawia, karibu 100%, na matundu meupe humo ni makrofaji waliomeza mabaki ya seli. Viini vyao usivitie kwenye hesabu. Ukipata 70%, angalia upya fomalini. Ikiwa haina kosa, fikiria ugonjwa mwingine.

Hatua ya 4. Ki-67 inakwambia seli inakimbia, haisemi nani kaiswaga. Kwa Burkitt ni jeni MYC iliyohama, mara nyingi kutoka kromosomu 8 kwenda 14. BCL2, protini inayozuia seli kufa, huwa hasi au hafifu. Kwa limfoma ya seli za mantle (ule ukanda unaozunguka viduara) tafuta protini saiklini D1: hushikana na vimeng'enya CDK4 na CDK6, nazo humlegeza mlinzi RB, protini inayoizuia seli isigawanyike, seli ikavuka kutoka G1. Limfosaiti B za kawaida hazina saiklini D1, lakini kuta za mishipa midogo ya damu zinayo. Mishipa ikiwa buluu tupu, kingamwili haikushika; usiandike "hasi".

Kwa mantle, 30% ya Ki-67 ndiyo mpaka wanaoutazama madaktari kupima ukali wa ugonjwa. Ukikaribia hapo, acha kukadiria kwa jicho. Piga picha, hesabu seli 500, na uandike kwenye ripoti umehesabu wapi.