Namna ya kuipa tasnifu vichwa vya mada, na jinsi ya kuomba kichwa kipya

Mwongozo huu ni wa wakutubi na wasaidizi wa maktaba za vyuo hapa Dodoma. Kichwa cha mada ni istilahi sanifu inayowekwa kwenye rekodi ya katalogi kuonyesha kazi inahusu nini. Tuchukue mfano wa tasnifu inayochunguza ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu, powdery mildew) kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo na Makutupora.

Kwanza, isome. Jina la tasnifu halitoshi, maana wanafunzi wetu wanapenda majina marefu ya "tathmini ya mchango wa…" Pitia ikisiri, yaliyomo, hitimisho, na hasa sura ya mbinu, ambako utajua utafiti ulifanyika wapi. Kisha andika sentensi moja: inahusu nini, na wapi. Ikikushinda, rudi kusoma.

Pili, ingia id.loc.gov, ambako orodha ya vichwa vya mada ya Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, inapatikana bure. Maneno muhimu ya mwandishi usiyanakili yalivyo. Yeye ameandika Vitis vinifera; orodha inasema Grapes. Chagua kichwa kinacholingana na mada yenyewe, si kipana zaidi: ukiweka Agriculture, umeizika tasnifu kwenye rundo. Mada isiyofika asilimia 20 ya kazi, iache.

Mahali huongezwa tu pale orodha inaporuhusu, kwa alama ya May Subd Geog (yaani kichwa kinaweza kugawanywa kwa mahali). Nchi hutangulia, mkoa hufuata. Kwenye rekodi ya MARC, muundo wa kompyuta wa rekodi za katalogi wenye sehemu za namba ziitwazo uga, kichwa cha mada hukaa uga wa 650; $a ni kichwa chenyewe, $x ni mgawanyo wa mada, $z ni mahali:

650 _0 $a Grapes $x Diseases and pests $z Tanzania $z Dodoma Region

Ile 0 ni kiashirio cha pili, kinachoonyesha kichwa kimetoka Library of Congress. Kwa tasnifu za tiba na uuguzi ukitumia MeSH, orodha ya vichwa vya mada za tiba, weka 2.

Kuna kosa linalojirudia sana: kuipachika kila tasnifu kichwa Dissertations, Academic. Hicho ni cha vitabu vinavyozungumzia tasnifu. Kwamba kazi yenyewe ni tasnifu huoneshwa kwenye uga wa 655, wa aina ya kazi, kwa istilahi Academic theses, na shahada, chuo na mwaka huenda uga wa 502.

Maneno ya Kiswahili weka kwenye uga wa 653, wa maneno huru: zabibu, ubwiriunga. Uga huu haudai orodha yoyote, na bwana shamba anayetafuta kwa Kiswahili ataipata kazi. Binafsi siachi rekodi ya kilimo bila huo.

Umetafuta kichwa na hakipo? Hakikisha kwanza hujakosa kisawe chake, kisha andaa pendekezo kupitia SACO, mpango ambao maktaba hupendekezea Library of Congress vichwa vipya. Taja tasnifu unayoiorodhesha, eleza ulikotafuta, onyesha rejea nyingine zinazotumia istilahi hiyo, visawe vyake, na kichwa kipana kitakachokuwa juu yake. Pendekezo lisilo na ushahidi wa maandishi halina nguvu, hata kama kila mkulima wa Dodoma analijua neno hilo.

Majibu huchukua muda, kwa hiyo usiizuie rekodi. Ichapishe na kichwa kipana kilichopo, istilahi yako ikae kwenye 653, na kichwa kipya kikipitishwa urekebishe 650.