Hilux ya D-4D Inapotetemeka Sailensa: Namna ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Nozeli

Dereva amesimama kwenye taa nyekundu, ameondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta, na usukani unaanza kucheza mikononi mwake. Kioo cha ndani kinatetemeka kiasi kwamba taa za gari la nyuma zinaonekana kama michirizi. Taa zikiruhusu akakanyaga mafuta, injini inatulia na gari linavuta kama kawaida. Hali hiyo ndiyo inayoitwa gari kutetemeka sailensa katika gereji za Tanzania, yaani katika mwendo wa injini wakati gari limesimama na hakuna anayekanyaga mafuta; msomaji wa Kenya asidhani kwamba nazungumzia ekzosti.

Maelezo haya yanaihusu Toyota Hilux ya umbo linalojulikana kama Vigo, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2004 hadi 2015, yenye injini ya dizeli ya 1KD-FTV, ambayo Toyota huiita D-4D: silinda 4, ujazo wa cc 2,982, turbo, na mfumo wa reli ya mafuta ya shinikizo kubwa, yaani bomba la pamoja linalozigawia nozeli zote mafuta. Injini hiyohiyo imo pia katika Prado, Fortuner na Hiace, kwa hiyo mwenye magari hayo naye atakuta mengi yanamhusu.

Nianze na turbo, kwa kuwa ndiyo hulaumiwa kwanza. Injini inapozunguka mara mia saba na kitu kwa dakika bila mzigo, turbo haisukumi hewa ya maana, na dizeli haihitaji hewa iliyosukumwa ili itulie. Turbo mbovu huonekana barabarani, gari linapokosa nguvu mlimani, linapotoa moshi mwingi au linapokula oili. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa gerejini kwamba turbo imekufa na inabidi ibadilishwe, kumbe kosa lilikuwa filta ya dizeli iliyojaa maji. Tangu hapo siruhusu turbo ifunguliwe kwa sababu ya mtetemo wa sailensa peke yake.

Kinachotokea sailensa ni suala la uwiano. Kila nozeli wakati huo hunyunyiza tone dogo mno la mafuta, na tofauti ndogo kati ya silinda moja na nyingine, ambayo isingehisiwa katika mwendo wa kilomita 80, inatosha kuitikisa injini nzima. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, sikiliza na utofautishe aina mbili za kosa. Ikiwa injini inatetemeka kwa mpigo wa kurudiarudia, kama mtu anayetembea huku akichechemea, shaka iangukie silinda moja. Ikiwa mshale wa mizunguko unapanda na kushuka taratibu, na sauti inakwenda nao, tatizo liko kwenye ugavi wa mafuta unaozihudumia silinda zote, hasa upande wa pampu. Tofauti hiyo moja huokoa nusu ya kazi.

Kuna pia gari ambalo injini yake haina kosa lolote. Fungua boneti, mwache msaidizi akanyage breki kwa nguvu, kisha aingize gia ya kurudi nyuma na kuachia klachi kidogo tu, nawe ukiwa umesimama pembeni, kamwe si mbele wala nyuma ya gari. Injini ikiruka upande mmoja kwa kiasi cha vidole viwili au zaidi, mauntini, yaani mipira inayoishikilia injini, zimekwisha, na mtetemo unaousikia ndani ni ule wa kawaida wa dizeli ambao hakuna tena mpira wa kuuzuia.

Sasa mafuta. Chukua chupa safi ya kioo, iweke chini ya filta ya dizeli, legeza koki iliyo chini yake na ubonyeze pampu ya mkono iliyo juu hadi upate kama nusu lita. Iache chupa hiyo mahali tulivu usiku kucha. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo asubuhi yatakuwa yamejitenga chini kwa mstari ulio wazi, na chembe za kutu zitakuwa zimelala chini kabisa. Ukiona mstari huo, filta mpya haitoshi: tangi nalo lisafishwe, vinginevyo utairudia kazi hii baada ya wiki mbili. Tanzania huweka vinasaba, yaani alama maalumu za kemikali, katika mafuta yaliyolipiwa kodi ili kuzuia uchakachuaji, lakini vinasaba havizuii maji kuingia kwenye tangi la kituo, wala kwenye madumu ya barabarani. Baada ya kufunga filta mpya, bonyeza pampu ya mkono hadi iwe ngumu kabisa. Ikiwa inalainika tena baada ya muda mfupi ilhali injini imezimwa, hewa inaingia mahali fulani katika mipira ya kutoka tangini, na hewa hiyo peke yake inatosha kuifanya sailensa iyumbe.

Mtetemo unaotokea asubuhi tu, ukifuatana na moshi mweupe na kwisha baada ya dakika moja au mbili, uelekeze kwenye hita plagi, yaani plagi zinazopasha joto silinda injini ikiwa baridi. Dar es Salaam au Mombasa unaweza kukaa miaka bila kugundua kwamba mbili zimekufa. Njombe mwezi wa Juni utagundua siku ya kwanza.

Baada ya hapo angalia EGR, vali inayorudisha sehemu ya moshi kwenye njia ya hewa. Baadhi ya Hilux za soko la Afrika hazina kabisa, kwa hiyo hakikisha kwanza kama ipo. Pale inapoendeshwa kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa, chomoa mpira wake mwembamba, uzibe, na usikilize: sailensa ikibadilika papo hapo na kuwa laini, vali ilikuwa inafunguka wakati usiofaa. Lakini vali iliyokwama wazi kwa masizi haitajali mpira huo, na dawa yake ni kuifungua na kuisafisha pamoja na njia ya hewa, ambayo katika injini za umri huu hukutwa imefunikwa na lami nyeusi nzito.

Kuanzia hapa unahitaji mashine ya kupimia inayoweza kusoma takwimu za injini inapofanya kazi, si ile ya kufuta taa ya dashibodi tu. Soma kwanza shinikizo la reli. Sailensa, injini ikiwa ya moto, hukaribia megapaskali 30, na jambo la kutazama ni kama kiasi kilichopo kinafuata kile kinachoagizwa na kompyuta. Kikipanda na kushuka sambamba na mshale wa mizunguko, mtuhumiwa ni vali ya SCV iliyo kwenye pampu, ambayo hupima kiasi cha mafuta yanayoingia na ambayo huanza kukwama kwa uchafu. Msimbo wa kosa P1229 mara nyingi huandamana nayo. Ukiibadilisha, mashine itumike kuifundisha kompyuta upya kuhusu pampu, la sivyo sailensa itaendelea kuyumba na utadhani umeuziwa kifaa kibovu.

Kisha soma takwimu za masahihisho ya nozeli, moja kwa kila silinda. Hizi ndizo zenye maana kuliko zote kwa kosa la kuchechemea. Injini ya moto ikiwa sailensa, kila takwimu inapaswa kuwa kati ya -3 na +3, kwa milimita za ujazo. Silinda yenye +4 au +5 inaongezewa mafuta kwa sababu ni dhaifu kuliko wenzake. Hapo ndipo mafundi wengi hukimbilia dukani, na ndipo ninapowaomba wasubiri, kwa sababu silinda huweza kuwa dhaifu kwa nozeli mbovu au kwa mgandamizo mdogo, na takwimu hiyo haisemi ni kipi kati ya hivyo viwili. Pima mgandamizo, au hamishia nozeli hiyo kwenye silinda nyingine: kosa likiifuata, nozeli ina hatia, likibaki palepale, nozeli mpya ni fedha iliyotupwa.

Tahadhari ya kazi hiyo ni ya uhai. Mafuta ya reli yanaweza kupenya ngozi bila kuacha jeraha la kuonekana, na mtu aliyepigwa nayo anapaswa kupelekwa hospitali mara moja hata kama hasikii maumivu. Usilegeze kamwe bomba la nozeli injini ikiwa inawaka, kama ilivyozoeleka kwa dizeli za zamani; zima na usubiri kabla ya kufungua. Usichomoe pia soketi za nozeli kwa mkono injini ikiwa inafanya kazi, kwa kuwa umeme wake ni mkubwa kuliko wa betri.

Kila nozeli ina namba yake ya fidia iliyoandikwa juu yake, inayoijulisha kompyuta tofauti ndogo ya nozeli hiyo na nyingine, na namba hiyo huingizwa kwenye kompyuta kulingana na silinda ilipofungwa. Nozeli ikihama, namba nayo ihame. Washa za chini ya nozeli, yaani pete nyembamba za kuzibia, zisirudiwe hata zikionekana nzima. Katika injini hii zikivuja, gesi ya mlipuko hupanda hadi chini ya kifuniko cha vali na kuigeuza oili kuwa masizi mazito. Kifuniko kikifunguliwa na kukutwa kimejaa uchafu mweusi mgumu kuzunguka nozeli, usiridhike na washa mpya: shusha sampo, yaani beseni la oili chini ya injini, na utazame chujio la oili lililo ndani yake, kwa sababu likiziba ndilo litakaloiua injini, na wakati huo itakuwa imeshatulia sailensa vizuri kabisa.