SOMO: Kupita ndani ya B-24, kuanzia tumboni hadi mkiani

Habari wakuu. Kila wiki naulizwa wanajeshi wa anga wa Marekani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walikufaje ndani ya ndege za mabomu ambazo hazikutunguliwa. Najitolea kutembeza wageni kwenye makumbusho yenye B-24, mojawapo ya ndege hizo, basi tupite wote, niache kujibu mmoja mmoja.

1. Vua mkoba na chochote kinachoning'inia.

2. Ingia kupitia tumboni, umeinama.

3. Kijia cha chumba cha mabomu. Hapa taratibu. Upana wake ni kama sentimita 23. Pembeni, chini, utaona bati linalofanana na sakafu. SIYO SAKAFU. Ni mlango wa mabomu, bati jepesi linalojikunja kwenda ubavuni kama mlango wa duka. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nafagia humo, nikaweka mguu mmoja tu niokote kitambaa. Bati likabonyea, likachomoka kwenye reli, nikabaki nimening'inia kwa kwapa. Chini yangu ilikuwa mita moja. Chini ya wanajeshi wale zilikuwa mita 7,000, na mwenye parachuti mgongoni hapenyi kirahisi pale, hivyo wengine walipita bila.

4. Madirisha ya bunduki. Yalikuwa wazi, baridi hasi 40. Pumzi iliganda kwenye barakoa ya oksijeni, hewa ikaziba. Hakuna maumivu: mtu analegea kama aliyesinzia, ndani ya dakika chache amekwisha. Ndiyo maana waliitana kwa simu ya ndani, tena na tena: "Mkia?" "Nipo."

MASWALI

— Mkuu, si angekanyaga mlango polepole?

Rudi hatua ya 3.

— Ni kweli walikuwa wakiruka angani huku milango ya mabomu ikiwa wazi kidogo?

Kweli, na asante kwa kuuliza. Mafuta yalivuja, mvuke wa petroli ukajaa tumboni, na cheche ya swichi moja ilitosha. Upenyo uliuondoa. Ukifika, tazama nyuma ya rubani: vipimo vya mafuta ni mirija ya kioo, na petroli yenyewe ilipanda humo.

— Kwa hiyo ilikuwa ndege mbovu.

Sijasema hivyo. Zilitengenezwa zaidi ya 18,000. Nimesema ujue pa kukanyaga.

— Mimi niko ghala la samaki wa kugandishwa. Tunavaa glavu nyembamba ndani ya nene.

Wao pia, za hariri. Bunduki ikikwama, ukiishika kwa mkono mtupu ngozi inabaki kwenye chuma. Miguu je?

— Soksi tunabadilisha mlangoni. Jasho la njiani ndilo linaloganda.