Filamu Ikikwamakwama, Anza na Kasi ya Skrini
Kompyuta ya sebuleni iliyounganishwa na televisheni ikionyesha filamu kwa kukwamakwama, hasa pale kamera inapopita taratibu juu ya mandhari, usikimbilie kununua kadi mpya ya picha. Filamu nyingi huhifadhiwa kwa picha 23.976 kwa sekunde, ilhali skrini huchora upya mara 60, kwa hiyo picha moja hukaa mizunguko miwili na inayofuata mitatu, na jicho huutambua mwendo huo wa kuchechemea. Katika Kodi, programu ya kuchezesha filamu kwenye kompyuta, fungua mipangilio ya kichezeshi, sehemu ya video, kisha uruhusu kasi ya skrini ibadilike filamu inapoanza na inapokoma. Kasi ikipatikana, chagua 23.976 wala si 24 kamili, kwani tofauti hiyo ndogo hulazimisha picha moja irudiwe kila baada ya sekunde 42 hivi.