Somo: Jaruba dogo la mpunga nyuma ya nyumba, kwenye mchanga wetu wa Mtwara

Wengi huku kwetu tunaamini mpunga ni wa mabondeni tu, kule Kitere au kandokando ya Ruvuma. Hata uani unakubali, mradi umeyamudu maji. Mchanga wa pwani ukiumwagilia jioni, asubuhi umeshakauka. Ndiyo maana kazi kubwa ya somo hili ni shimo.

Kabla ya jembe, tupige hesabu. Eneo la mita 2 kwa 5 likitunzwa vizuri linatoa kama kilo 4 za mpunga, ukikoboa zinabaki kilo 2 na nusu za mchele. Ni wali wa sikukuu, mbegu yako mwenyewe, na watoto wanaoujua mpunga kabla haujawa mchele. Kwangu mimi hiyo ni faida tosha.

Jaruba. Chimba kina cha sentimita 40, tandika nailoni nzito chini na pembeni. Rudisha udongo uliochanganywa na mfinyanzi wa bondeni na samadi ya mbuzi iliyooza, ujae sentimita 25. Acha upenyo mdogo wa kutolea maji mvua ikizidi. Mwaga maji, ingia miguu peku, vuruga mpaka liwe tope laini, kisha sawazisha kwa ubao. Usiruke hapo: palipoinuka patakauka, palipobonyea miche itazama.

Mbegu. Chukua ndoo ya maji, tia yai bichi lisiloharibika. Litazama. Ongeza chumvi huku ukikoroga hadi yai lielee, litoe, kisha mimina mbegu. Zinazoelea ni pepe, zitupe. Zilizozama zisuuze mara mbili tatu chumvi iishe, loweka siku nzima, halafu zifunge kwenye gunia bichi mpaka zichomoze ncha nyeupe.

Kitalu. Mwisho wa Desemba, mvua zikishashika, sia kwenye beseni lililotobolewa.

Kupandikiza. Hapa tunafuata kilimo shadidi: mche wa siku 10 hadi 12, wenye majani mawili, mmoja mmoja, sentimita 25 kila upande. Ung'oe na udongo wake, upande papo hapo, mzizi usipinde kuelekea juu. Utauona mwembamba mpaka ukate tamaa. Vumilia, utachipua machipukizi mengi kuliko ukibananisha.

Matunzo. Palilia kila baada ya siku kumi. Urea gramu 80 wiki mbili baada ya kupandikiza, na kiasi hichohicho mpunga unapokaribia kubeba mimba. Mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari mvua zetu hupenda kukatika wiki moja au mbili, hivyo weka akiba ya maji. Punje zikianza kutoa maziwa, funika kwa wavu, maana ndege hawangoji ziive. Vuna sehemu kubwa ya suke ikiwa rangi ya dhahabu.

MASWALI

*Mama wa Mikindani:* Maji yaliyotuama uani si yatatuletea mbu?

Una haki kuogopa, mama. Usiache maji yakae muda wote. Yaache yanywewe hadi tope lianze kupasuka nyufa nyembamba, ndipo ujaze tena. Viluwiluwi wa mbu hufa jaruba likikauka, na mizizi hupata hewa. Ila mpunga ukitoa maua, usiuache ukauke.

*Kijana wa Lindi mjini:* Shikamoo mwalimu. Naweza kupanda mpunga niliopewa mashineni?

Marahaba mwanangu. Kama haujakobolewa utaota, ila mara nyingi ni mchanganyiko, huu umeiva ule bado. Tafuta mbegu ya aina moja. SARO 5 ni mzuri penye maji ya uhakika, huchukua kama miezi minne. Maji yakiwa ya mashaka, tafuta NERICA, mpunga wa nchi kavu unaowahi kukomaa.

*Ndugu wa Newala:* Sisi maji tunanunua kwa dumu. Tufanyeje?

Ndugu yangu, achana na jaruba. Panda mtama, aina ya Macia, mfupi na mweupe. Sia Desemba kwa mvua za kwanza zilizotulia, mstari hadi mstari sentimita 75, shina hadi shina 30. Ukiona kiduha, kile kimea cha maua mekundu au ya zambarau kinachonyonya mizizi, king'oe kabla hakijatoa mbegu ukichome moto. Mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi.