Panda na kijito, chupa mkononi

Ukitaka kujua kijito kimeharibikia wapi, usisimame pale unapochota. Panda nacho. Mimi huku Lushoto huanzia kwenye daraja la miti chini ya kijiji nikakwea hadi ukingo wa msitu, nimebeba chupa tano za lita moja zilizobanduliwa karatasi.

Nenda mara tu baada ya mvua kubwa ya masika. Chota juu ya kila shamba na chini yake, uso ukielekea maji yanakotoka ili usichote tope la miguu yako. Andika mahali na saa. Siku ya mzigo wa karoti kaa nyumbani: vijana wanaziosha mtoni, na chupa zote zitasema uongo. Ziache chupa dirishani usiku kucha, asubuhi upime kwa rula tope lililotuama.

Masika moja niliapa kwamba mchafuzi ni jirani yetu mwenye ng'ombe. Chupa zikanigeuka. Chini ya zizi lake, utando tu. Chini ya shamba letu la kabichi, milimita nne! Matuta tuliyalima kufuata mteremko, na kinjia cha kuendea bombani kilikuwa mfereji mtupu. Nilimpelekea mzee wa watu ndizi, sikusema za nini.

Lakini zizi nalo halikutoka hivihivi. Rudi kiangazi, maji yakiwa machache, upapase mawe. Pale chini ya zizi yalikuwa na ute wa kijani: samadi inalisha mwani kama urea inavyolisha mahindi, hasa mahali jua linapopiga kwa sababu miti ya ukingoni imekatwa.

Sasa geuza mawe kumi ya ukubwa wa ngumi, penye maji yanayokwenda mbio. Hapa usiwe na haraka. Ukiona vidudu bapa vyenye mikia mitatu vikikimbilia upande wa kivuli, au vifuko vidogo vya chembe za mchanga vilivyogandamana na jiwe (ndani mna funza aliyejijengea nyumba), furahi. Hao hawakai kwenye maji yaliyochoka. Ukikuta ruba na vijiminyoo vyekundu tu, hewa ndani ya maji imepungua. Na jiwe likigoma kung'oka kwa kuzikwa na mchanga laini, wadudu hawana pa kukaa. Hayo yote hayakuambii kama maji yana vimelea au viuatilifu. Ya kunywa chemsha, ingawa kuchemsha hakuondoi dawa za shambani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka mtoni. Kwa vishamba vyetu vya mlimani, wengi tungebaki na uani. Sisi tulianza na hatua kumi za majani ya guatemala (nyasi ndefu za kulishia mifugo) kati ya shamba na kijito, tukageuza matuta yakate mteremko, kinjia tukakihamisha. Masika yaliyofuata nikachota palepale: milimita moja na nusu.